Bibi Harusi wa Bango

"Hivi shoga, wewe bado unashona, au ulishafunga siku nyingi?"

Aliyeuliza alikuwa msusi wa chumba cha pili, mtu aliyepakana ukuta na Fundi kwa miaka sita. Hakuuliza kwa ubaya. Alisimama mlangoni na kitana mkononi, akalitupa swali lake kama mtu anayeuliza saa. Mteja wake alitaka kujua kama hapo pembeni yupo fundi wa nguo za harusi, na msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakuwa na hakika ya kumjibu.

Fundi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani na pini tatu mdomoni. Alizitoa mojamoja kabla ya kufungua kinywa.

"Nipo. Kwani hunioni?"

"Wewe nakuona. Biashara ndiyo siioni." Msusi akaingia ndani. "Usinune. Hebu njoo tuvuke barabara, uliangalie duka lako kama mtu baki."

Wakavuka. Fundi akageuka, akaangalia, na moyo ukamshuka. Kibao cha juu kilikuwa kimelambwa na jua mpaka nusu ya herufi zilikuwa zimekwenda zake. Dirishani lilisimama sanamu lililovaa gauni ambalo zamani lilikuwa jeupe, sasa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Pazia lilikuwa na vumbi la kuandikia kwa kidole. Na hapo kwenye kioo, juu ya yote hayo, akajiona mwenyewe: mwanamke wa miaka thelathini na sita, kilemba cha kijivu, gauni la kijivu, uso wa kijivu.

"Nani atakuletea furaha yake uishone ukiwa umevaa hivyo?" msusi akauliza taratibu. "Mwaka wa nne huu, shoga. Msiba una mwisho wake."

"Marehemu mume wangu alikuwa akisema kizuri chajiuza."

"Mungu amrehemu, alisema hivyo watu wakiwa na uwezo. Siku hizi kizuri kinakaa dirishani kinaliwa na nondo. Harusi zimepungua. Wanaooa nao wanaazima nguo kwa dada zao. Sasa hao wachache waliobaki, kama hawajui upo, utashona nini? Sanda?"

Neno hilo la mwisho msusi alilijutia hata kabla halijamaliza kumtoka. Alimshika Fundi mkono, wakarudi.

Usiku na mchana swali lile lilimkaa Fundi kama mwiba wa samaki kooni. Bado unashona? Alishona, ndiyo. Alipinda suruali, alibadilisha zipu, alitia viraka sare za shule. Lakini kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake, kazi ya kumvika binti siku moja asiyoisahau, hiyo hakuigusa kwa miezi saba. Na mama mwenyewe hakujua. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni kitu ila mwanga na kivuli, kisha, kabla miezi hiyo haijaanza, akachukuliwa na binti yake akangojee zamu ya upasuaji. Kila alipopiga simu kuuliza, "Kazi inakwendaje, mwanangu?" Fundi alijibu, "Tunamshukuru Mungu, mama." Na kushukuru alikuwa anashukuru kweli, ila siyo kwa sababu ya kazi.

Msomaji, huyo mama mkwe inafaa umjue kabla hatujaenda mbali. Duka lilikuwa lake. Cherehani ilikuwa yake. Siku Fundi alipofiwa na mume, ndugu wa mume waliketi wakasema arudi kwa watu wake. Watu gani? Alilelewa na shangazi, na shangazi naye alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Ndipo yule mama alipoinuka, akipapasa ukuta, akasema neno moja tu: "Watu wake ni mimi." Tangu hapo wawili hao walikula chungu kimoja, wakasali pamoja, na asubuhi Fundi alimtilia mama uzi kwenye sindano ili mama ashone vifungo kwa kupapasa, asijione mzigo.

Basi ukimwona Fundi anaogopa hapo mbele, usiseme haraka kwamba ni mwoga.

*

Upande wa pili wa barabara, karibu na pale waliposimama siku ile, palikuwa na chumba cha mpiga picha. Mtaa mzima walimwita Tabasamu, maana ndilo neno alilowaambia wateja tangu wakiwa watoto mpaka wanakuja na watoto wao. Alikuwa amevuka arobaini na hakuwahi kuoa. Miaka yake ya kuoa aliitumia kumuuguza baba yake, na baba alipozikwa, yeye akajikuta na mvi pembeni mwa masikio na kamera ambayo watu hawaihitaji tena. Kila mtu ana simu. Waliobaki kwake ni watu wa picha ndogo za vitambulisho, na hao hawatabasamu.

Msusi ndiye aliyewakutanisha.

"Nyie wawili ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja," aliwaambia. "Wewe pazia lako la nyuma limechanika, kila picha inatoka na tundu. Yeye hana picha hata moja ya kuonyesha kazi yake. Yeye akushonee pazia, wewe umpigie picha. Bango likae juu pale, picha nyingine watu wazitume kwenye simu. Hakuna anayetoa kitu mfukoni."

Tabasamu akamgeukia Fundi. Alikuwa na namna yake ya kumwangalia mtu, kichwa kikiinama kidogo, kama anayetafuta mwanga umekaa wapi.

"Mimi sina neno," alisema. "Ila nani atavaa? Gauni likiwa juu ya sanamu haliuziki. Watu wanataka kuona mtu aliyefurahi."

"Hakuna wa kumlipa avae," Fundi akasema.

"Si mvae nyie wenyewe," msusi akadakia. "Gauni haliumi."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kushtukizwa, lakini Tabasamu alikisikia, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa chafu.

Gauni lilikuwepo moja tu la maana, jeupe, la lesi, mikono mirefu, shanga kifuani alizozishona kwa mkono wiki tatu. Mwenyewe alikuwa binti mmoja ambaye mchumba wake alipunguzwa kazini, harusi ikaahirishwa, kisha ikafa kimyakimya. Aliliacha. Alikuwa mnene kuliko Fundi, na koti la bwana harusi waliloagiza pamoja lilikuwa bado halijaisha, mkono mmoja umebanwa na uzi wa muda tu.

Walikutana Jumamosi mchana, duka limefungwa kwa ndani, msusi akiwa ndiye shahidi wa adabu. Alikuwa amemsuka Fundi tangu alfajiri, akampaka na wanja kidogo. Fundi alipotoka nyuma ya pazia, gauni lilimning'inia kama shuka kwenye kamba.

"Ndiyo hivyo," alisema kwa aibu. "Nilisema haliwezi kunikaa."

"Mbele litakaa," Tabasamu akajibu. "Kamera haioni nyuma. Nipe vibanio vya nguo."

Akasimama nyuma yake, akaanza kulikusanya gauni mgongoni na kulibana kwa vibanio vya mbao, kimoja baada ya kingine, kutoka shingoni kushuka. Alifanya kazi kama mtu anayeshika yai. Vidole vyake havikumgusa hata mara moja, na huko kutomgusa Fundi alikusikia kuliko kama angeguswa.

"Vuta pumzi," Tabasamu alisema.

"Nimevuta."

"Usiiachie."

"Nife?"

"Usife. Pazia langu atanishonea nani?"

Msusi akawacheka wote wawili. Vibanio vilifika tisa. Mbele, kwenye kioo, alisimama bibi harusi kamili. Nyuma alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Mteja mmoja wa nywele akagonga huko kwa jirani, msusi akatoka mbio akisema anarudi sasa hivi, na hakurudi sasa hivi.

Tabasamu aliitega kamera ijipige yenyewe, akavaa koti, akakimbilia pembeni ya Fundi. Picha ya kwanza Fundi alifumba macho. Ya pili mkono wa koti ulikatika uzi, ukaanguka mpaka kwenye kiwiko. Ya tatu wote walikuwa wamekaza shingo kama watu wa kitambulisho.

"Usiiangalie kamera," Tabasamu alisema. "Bibi harusi anayeangalia kamera anauza gauni. Anayemwangalia bwana harusi, huyo anauza harusi. Niangalie mimi."

"Nikuangalieje?"

Akafikiri kidogo. "Kama mtu uliyemngoja."

Fundi akainua uso. Alikusudia kuangalia kikazi, kama vile mtu anavyoangalia kipimo ukutani. Lakini wahenga hawakukosea waliposema macho hayana pazia. Miaka minne hakuna mtu aliyesimama karibu naye kiasi hicho, isipokuwa wale aliowapima kwa futi. Aliona kovu dogo juu ya nyusi ya mtu yule. Aliona kwamba kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa ikashonwa upya, kwa mkono wa mwanamume asiye na wa kumshonea, sindano ikienda kombo. Kola hiyo ndiyo iliyomvunja. Akamwangalia, na kila alichokuwa amekifungia ndani ya lile gauni la kijivu kikapanda, kikasimama machoni.

Kamera ikalia. Hakuna aliyesogea.

"Imeshapiga," Fundi akasema.

"Najua," alisema Tabasamu, asiondoke.

Baadaye, nyuma ya pazia, Fundi alivua vile vibanio kimoja kimoja, vikianguka sakafuni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kwikwi, kama bomba lisilofungwa sawasawa. Akasema, "Ee Mungu, nisamehe." Kisha akakaa akijiuliza anaomba msamaha wa nini.

*

Alipoletewa picha, aliishika muda mrefu.

"Hii siwezi kuitundika."

"Kwa nini?"

"Inaonyesha."

"Inaonyesha nini, Fundi?"

Akaigeuza picha kifudifudi. Kisha akasema, "Tundika ile niliyofumba macho."

"Ile haitakuletea hata mtu wa kupinda suruali," Tabasamu akasema kwa upole. "Lakini duka ni lako. Sema neno, nami naichana hapa hapa."

Hakulisema neno. Bango likapanda Jumatatu, refu kuliko mlango. Chini ya picha waliandika: FUNDI WA NGUO ZA HARUSI. BADO TUPO. Kibao kilipakwa rangi upya. Dirisha likaoshwa. Fundi akajishonea gauni la bluu iliyokoza, siyo la kujionyesha, gauni la mtu anayefanya kazi. Msusi akatuma picha kwa kila mwanamke aliyewahi kuweka kichwa mikononi mwake.

Wateja wakaja. Siyo kwa mkupuo, hali ilikuwa bado ngumu kwa kila mtu, lakini walikuja. Wiki ya kwanza mabibi harusi watatu. Mmoja alileta gauni la mama yake ligeuzwe liwe jipya, na Fundi akaona hapo pana njia: watu wasioweza kununua wanaweza kugeuza. Tabasamu naye alipata kazi kwa hao hao. Tundu la pazia lilikwisha. Mchana alivuka barabara na vikombe viwili vya chai, wakanywa wamesimama, yeye kizingitini, Fundi ndani, mlango wazi, watu wote wakiona.

Ila mtaa una midomo. "Hongera, Fundi. Mbona hamkutualika?" Fundi akacheka, akasema, "Ni tangazo tu jamani." Keshokutwa mwingine: "Bwana harusi hajambo?" "Ni tangazo tu." Kila alipolisema neno hilo, Tabasamu akiwa karibu, liliingia mahali likakata kidogo.

Siku moja Tabasamu akaweka kikombe chini.

"Mimi nimechoka kusema ni tangazo," alisema. "Wewe hujachoka?"

Fundi alikuwa anatia chaki kwenye kitambaa. Mkono ukasimama. "Nimechoka."

"Mama akirudi nitakuja kumsalimia. Nitakuja kwa heshima, nimechana nywele. Sitaki asikie habari za mwanawe barabarani."

"Ngoja kwanza nizungumze naye mimi. Arudi, apumzike, nimweleze polepole."

"Utamweleza?"

"Nitamweleza."

"Fundi, mimi nimengoja vitu vingi vikapita. Sina haraka. Lakini siku hiyo ikifika, usiniache nisimame peke yangu."

"Sitakuacha," alisema, na alikuwa anasema kweli. Mungu ni shahidi, siku hiyo alikuwa anasema kweli.

*

Mama alirudi siku mbili kabla ya siku waliyoambiwa. Binti yake alipata gari la watu waliokuwa wanapita njia hiyo, akampakia. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akamwona amesimama nje, upande wa pili wa barabara, miwani nyeusi usoni na begi dogo mkononi. Hakuwa anavuka. Alikuwa ameinua uso anaangalia juu.

Fundi alitoka mbio akamwendea. "Mama. Mbona hukupiga simu? Nipe begi."

Mama hakulitoa begi. Alivua miwani. Macho yale, yaliyokuwa na utando miaka mitano, yalikuwa meusi, mepesi, yana maji kidogo. Yakamtazama Fundi usoni, yakashuka mpaka kwenye gauni la bluu, yakapanda tena.

"Umekonda," akasema. "Na mvi umeanza. Sikujua. Nilikuwa nakuona kwa mikono, na mikono haioni mvi." Akamshika shavu. "Karibu machoni pangu, mwanangu."

Fundi akaanza kulia, na kilio hicho kilikuwa cha furaha na cha woga, mtu asingeweza kuvitenganisha.

Wakaingia ndani. Mama aliketi kwenye kiti chake cha zamani. Begi akaliweka magotini, zipu imefungwa. Alizungusha macho: ukuta uliopakwa chokaa, dirisha safi, magauni mawili yanayosubiri wenyewe. "Umefanya kazi," alisema. "Nimefurahi. Ile picha ya nje ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nimekujua. Nauliza aliye pembeni."

"Mpiga picha wa hapo mbele. Tulikosa mtu wa kuvaa koti. Hali ilikuwa mbaya, mama, sikukwambia. Miezi saba sikushona harusi hata moja."

"Ukanificha."

"Ulikuwa mgonjwa."

Mama akatikisa kichwa polepole, akikubali sababu hiyo, akiiweka pembeni. "Daktari alipotoa kitambaa aliniuliza nataka kuona nini kwanza. Nikamwambia, nyumbani kwangu. Basi leo nimeshuka garini, kitu cha kwanza nimekiona ni wewe, umemtazama mtu." Akaikunja miwani yake. "Marehemu mwanangu ulikuwa unamtazama vile. Wakati ule macho yangu yalikuwa mazima, nilikuwa nakuona mezani ukimpa sahani. Nilidhani ulimzika nalo, lile jicho."

Fundi alikuwa ameinamia mapaja yake. Huu ndio ulikuwa wakati. Alijua. Maneno aliyapanga wiki nzima, yalikuwa yamesimama mstari kama watu wa foleni: mama, kuna jambo. Lakini mama aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Ingekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Mimi sitakuwa jiwe njiani mwako. Wewe bado kijana. Huko kwa wifi yako wana chumba, wamenitandikia kitanda. Wakwe zangu wa huko wananiheshimu. Nitarudi kesho, uishi maisha yako. Cherehani nakuachia. Ndiyo maana begi sijalifungua."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema, maana wa kusema ni mimi. Nimekaa na wewe miaka minne kama mama na binti. Lakini kumwona mwanamume mwingine anakaa kwenye kiti cha mwanangu, hilo siliwezi. Nimejaribu kwenye gari, nikaomba Mungu anipe moyo huo. Bado hajanipa." Alipapasa meza kwa mazoea, ingawa sasa aliona. "Kwa hiyo niambie tu ukweli, nijue nalala siku ngapi."

Hapo mlango ukagongwa mara mbili, taratibu.

Tabasamu alikuwa ameliona gari. Alikuwa amechana nywele, amevaa shati jeupe, lenye kola ile. Alisimama kizingitini pale pale aliponywea chai, lakini safari hii aliomba ruhusa.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Pole na matibabu."

"Marahaba, baba. Ingia."

Akaingia. Palikuwa na kiti kimoja kilichobaki. Alikitazama, akaelewa bila kuambiwa ni cha nani, akabaki amesimama. Fundi aliliona hilo.

"Wewe ndiye wa kwenye picha," mama akasema.

"Ndiye mimi."

"Picha zako nzuri. Zinasema."

"Ahsante, mama." Akamtazama Fundi, akataka kujua kama tayari kumezungumzwa. Uso wa Fundi haukumpa jibu. Basi akaanza mwenyewe, sauti ikitetemeka kama ya kijana wa miaka ishirini. "Mama, mimi nimekuja kwa heshima. Sina wazazi wa kuwatuma, wangekuja wao. Nilitaka..."

"Subiri, baba," mama akamkatiza, bila ukali. "Kabla hujasema lako, kuna swali nilikuwa nimemwuliza huyu binti. Naomba alijibu ukiwa hapa, ili asiwepo mtu wa kusema sikusikia." Akamgeukia Fundi, akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa mwepesi kama jani kavu, na ulikuwa na alama za sindano za kazi za miaka hamsini. "Mwanangu, ile picha ni ya kazi, au ni ya kweli?"

Nje msusi alikuwa anacheka na mtu. Cherehani ilikuwa na kitambaa nusu chini ya mguu wake. Fundi aliliona begi juu ya magoti ya mama, zipu yake ndogo ya shaba. Akaiona barabara asubuhi ya kesho, mama anapanda gari, anapunga mkono kwa macho yale mapya, anakwenda kuwa mgeni uzeeni. Watu wake ni mimi. Aliona pia shati jeupe kwa pembe ya jicho, halikusogea, linangoja.

"Ni ya kazi, mama," akasema. "Ilikuwa picha ya kazi tu."

Alilisema wazi, bila kigugumizi, kama alivyolisema barabarani mara nyingi.

Mama alimtazama kwa muda. Macho yale mapya yalikuwa hayakosi kitu, yaliona mvi, yaliona vumbi, yaliona uzi mweupe juu ya sakafu nyeupe. Kama yaliona na hili, yalichagua kupita. Bega lake likashuka. Pumzi ndefu ikamtoka, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi Mungu ashukuriwe," alisema, na vidole vyake vikaanza kuifungua zipu ya begi. Akatoa kanga mbili, akatoa dawa zake za kutia machoni, akazipanga mezani moja baada ya moja, kama mtu anayehamia nyumbani. "Nilisema vibaya. Uzee. Nisamehe, mwanangu."

"Hujanikosea, mama."

Tabasamu hakuwa amesogea. Mama akainua uso, akamwona bado yupo, akakumbuka kwamba alimkatiza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka mgeni aondoke na neno lake tumboni.

"Na wewe, baba? Ulitaka kusema jambo. Kwako nako ilikuwa kazi tu?"

Tabasamu akamtazama Fundi. Aliinamisha kichwa kidogo, upande, kama alivyozoea, akitafuta mwanga umekaa wapi. Alikuwa anampa nafasi. Angeinua macho tu, hata asiseme kitu, mtu yule angemjibu mama, angesimama hapo mpaka jua lizame, angekaa hata sakafuni.

Fundi alikuwa ameshika sindano na uzi. Alikuwa anaulenga uzi kwenye tundu, ukikosa, akiulowesha mdomoni, akiulenga tena. Mama aliona uzi unavyokosa tundu. "Lete nikusaidie," akasema kwa fahari, "sasa naona." Akaichukua ile sindano, akaitia uzi mara moja tu, akamrudishia.

Fundi akaipokea, macho yakiwa chini.

Tabasamu akainamisha kichwa mbele ya mama, kwa adabu, kama mtu anayeaga kanisani au msikitini, mahali ambapo watu wengine wanasali. Kisha akageuka, akapita chini ya lile bango, akavuka barabara.